Kuanzisha huduma ya tiba kazi magharibi mwa Kenya ukitoka nje: hatua, vipimo na mitego

Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapy), yaani tiba ya kumwezesha mtu kufanya tena shughuli zake za kila siku, anayetaka kusaidia kujenga huduma Kisumu, Kakamega, Vihiga, Bungoma au upande wa Nakuru, naye hana makao huko: Mtanzania aliyesomea Moshi, Mganda, mgeni wa kujitolea kutoka Ulaya, au Mkenya anayerudi baada ya miaka Uingereza. Unawafaa pia wenyeji wanaompokea. Msimamo wetu tunautaja mapema ili asiyeukubali asipoteze muda: huduma hudumu pale ambapo mtaalamu mwenyeji ana nafasi ya ajira iliyo kwenye bajeti, na pale ambapo mtu anafuata wagonjwa hadi nyumbani. Vifaa huja baadaye, na vingi vyake vinatengenezwa hapo hapo.

Kwanza, jua ulichokikuta

Usidhani unaanza kwenye uwanja mtupu. Kenya imekuwa ikifundisha wataalamu wa tiba kazi tangu 1968 katika KMTC, chuo cha umma cha mafunzo ya kitabibu, Nairobi. Kuna chama chao, KOTA, na tangu 2017 kuna sheria inayosimamia mafunzo, usajili na leseni zao, chini ya Baraza la Tiba Kazi la Kenya. Kwa hiyo barua yako ya kwanza usimwandikie mchungaji wala mwenye kituo cha watoto, hata kama ndiye aliyekualika. Mwandikie msimamizi wa idara ya tiba kazi katika hospitali kubwa iliyo katika kaunti unayoilenga. Kisumu ni Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Nakuru ni ile ambayo wazee wanaiita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa. Kakamega ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Muulize mambo matatu tu: wako wangapi, wanapokea wagonjwa gani ambao hawawafikii, na ni kazi gani wangependa mtu wa nje asiiguse.

Swali la tatu ndilo linaloheshimika zaidi, na majibu yake hushangaza wageni. Mara nyingi utaambiwa usianzishe kliniki nyingine mjini, kwa sababu mjini wapo. Wanaokosa huduma wako Nyakach na Seme huko Kisumu, Rongai ya Nakuru, Mlima Elgon huko Bungoma.

Karatasi zako zishughulikie mapema. Usajili na leseni ni vitu viwili. Kuwa na kimoja hakukuruhusu kumgusa mgonjwa. Mgeni anahitaji kibali cha Baraza, na kando yake kibali cha kazi kutoka Uhamiaji. Ruhusa ya kuingia kama mtalii haitoshi hata kama hulipwi senti. Vyeti vya nje huombwa vikiwa vimethibitishwa, pamoja na barua ya bodi ya kwenu inayosema huna kesi ya nidhamu. Barua hiyo ndiyo hukawia, basi iombe kabla ya kitu kingine chochote.

Bajeti ya kaunti ina tarehe, na tarehe hizo hazikungoji

Sehemu hii wataalamu wengi huiruka kwa kuwa inachosha, halafu wanalalamika kwamba serikali haijali. Tangu ugatuzi wa 2013, hospitali nyingi za umma zinaendeshwa na kaunti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo kuna hatua tatu zilizowekwa na sheria: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ombi la kuajiri mtaalamu wa tiba kazi katika hospitali ndogo, likiingia kwenye mpango wa Septemba, litalipa mshahara Julai inayofuata kama mambo yote yatakwenda sawa. Likifika mwezi wa Mei, umekosa mwaka mzima.

Ombi lenyewe liwe fupi, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uonyeshe takwimu za hospitali hiyo hiyo: ni watoto wangapi wenye mtindio wa ubongo, watu wangapi waliopata kiharusi, majeruhi wangapi wa bodaboda wenye mikono iliyoumia walitibiwa mwaka uliopita, na wangapi walipewa rufaa ya mbali wasiende. Takwimu hizo zimo kwenye rejista za wodi na za wagonjwa wa nje. Kuzihesabu ni kazi ya wiki moja kwa watu wawili. Ukurasa wa pili utaje nafasi moja, cheo chake, na chumba kitakachotumika. Usiombe jengo. Jengo huvutia siasa, nalo likishazinduliwa huweza kukaa miaka bila mtu ndani. Chumba cha mita nne kwa tano chenye mlango mpana, maji na kivuli nje kinatosha kabisa kuanza.

Anayesoma ombi ni afisa mkuu wa afya wa kaunti. Anayeajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Msimamizi wa tiba kazi ndiye alipeleke. Wewe kaa nyuma. Ombi lenye jina la mgeni husomwa kama ahadi ya ufadhili, na kaunti ikidhani mfadhili atalipa, itamwachia.

Tahadhari moja kuhusu mishahara. Mradi wa nje ukimlipa mtaalamu mara mbili ya anachopata hospitalini, utampata kesho, na hospitali itabaki na meza tupu. Mradi unapoisha hana pa kurudi. Ukitaka kutumia pesa vizuri, lipia nauli yake ya kwenda mashinani siku mbili kwa wiki akiwa bado mwajiriwa wa kaunti, kwa makubaliano yaliyoandikwa na mkuu wa hospitali. Nauli haijavuruga kituo chochote tunachokijua. Marupurupu yamevuruga vingi.

Wagonjwa watoke wapi

Ukifungua mlango na kungoja, watakaokuja ni wa karibu na wenye nauli. Unahitaji njia tatu za rufaa. Ya kwanza ni wodi ya watoto wachanga: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa au aliyekuwa na umanjano mkali apewe tarehe ya kuonwa na tiba kazi kabla ya kutoka hospitalini, kisha tena akifika miezi mitatu na sita. Ya pili ni kliniki ya selimundu (sickle cell). Ugonjwa huo umeenea sana kandokando ya ziwa, nao huweza kuleta kiharusi kwa mtoto wa shule. Mwalimu atakwambia mtoto amekuwa mvivu wa kuandika, kumbe mkono umepoteza nguvu. Malaria kali iliyofika kwenye ubongo nayo huacha watoto wenye matatizo ya mwendo, usemi na tabia, ambao mara nyingi huhesabiwa wamepona kwa sababu homa imeisha.

Ya tatu ni wahamasishaji wa afya ya jamii. Kila mmoja anahudumia nyumba mia moja hivi na anazijua kwa majina. Wape mafunzo ya nusu siku, na usiwafundishe magonjwa. Wafundishe maswali manne ya kuuliza mlangoni: kuna mtu asiyekula mwenyewe, asiyeketi akiwa amepita umri wa kuketi, asiyeenda choo mwenyewe, au aliyeacha kazi yake kwa ajili ya mwili au akili? Jibu la ndiyo kwa swali lolote ni rufaa. Ukiwapa fomu ya kurasa tatu hutaziona tena.

Siku ya kliniki ichaguliwe na watu wenyewe. Siku ya soko magari ni mengi, lakini mama anayeuza omena au mboga hatafunga biashara ili aje kwako. Mwezi wa Machi hadi Mei watu wako shambani, na nyanda za Kano huweza kufurika hata njia ya Ahero isipitike. Usizindue chochote miezi hiyo.

Tathmini ya nyumbani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Fomu za kupima uwezo zilizotungwa Marekani au Uingereza huuliza kuhusu hodhi la kuogea, ngazi za ndani na kutumia mashine ya kufulia. Weka fomu mfukoni, keti pale ulipokaribishwa, na umwombe mwenye nyumba asimulie siku yake.

“Mama Achieng', ukiamka asubuhi unaanza na nini?”

“Naanza na moto, halafu maji. Siku hizi maji analeta mtoto.”

Maneno hayo machache yamekupa malengo mawili ya tiba. Maji ni mtungi wa lita 20, yaani kilo 20, na mtu aliyepata kiharusi hatauinua. Ila anaweza kubeba mitungi miwili ya lita tano kwa zamu, au kusukuma mkokoteni. Moto na ugali ni jambo la kiufundi zaidi. Kusonga ugali kunahitaji mkono mmoja ushike sufuria na mwingine usonge. Mwenye mkono mmoja tu mzima anahitaji kishikio: mwambie fundi wa kuchomelea akunje nondo nyembamba ya milimita nane iwe umbo la pete iliyo wazi upande mmoja, yenye miguu mitatu inayokaa juu ya jiko, upana wake uzidi sufuria kwa nusu sentimita tu. Ikilegea zaidi ya hapo, sufuria huzunguka pamoja na mwiko na uji wa moto humwagika. Pima sufuria anayotumia kila siku; usipime ya wageni.

Choo cha shimo ndicho kinachowavunjia wengi heshima yao, na hawatakitaja wasipoulizwa kwa upole, mbali na wakwe. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu la sentimita 20 hadi 25 hufanya kazi, mradi mambo mawili yazingatiwe. Kingo za tundu zisuguliwe kwa msasa au zipitishiwe moto kidogo, maana plastiki iliyokatwa huchana ngozi. Na miguu ya kiti ifungwe pamoja kwa mbao nne chini, kwa sababu kwenye sakafu laini iliyolowa miguu hutanuka na kiti huanguka. Ongeza nguzo mbili za kushikilia, zikiwa kwenye usawa wa kiwiko cha mtu akiwa amesimama. Penye kizingiti, kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko: ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1.8. Watu hukata ufupi hapa kwa sababu ya nafasi, kisha kiti cha magurudumu kinashindwa kupanda na mteremko unageuzwa mahali pa kuanikia mahindi.

Kwa aliyepata kiharusi, mfundishe kila mtu nyumbani jambo moja kabla ya mazoezi yoyote: asivutwe kwa mkono uliolegea anapoinuliwa. Bega hutoka mahali pake taratibu, na maumivu yake huharibu miezi ya kazi.

Kiti cha karatasi kwa mtoto

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeketi hulishwa akiwa amelala, na chakula huingia njia ya hewa. Kiti kinachomfaa ni tiba ya kulisha kabla ya kuwa kitu kingine. Kukitengeneza kwa maboksi na gundi ya unga ni mbinu inayotumika nchi kadhaa za Afrika. Gharama yake ni ndogo, ila inadai subira ya kukausha.

Mpime mtoto akiwa ameketishwa na mtu, nyonga zikiwa zimesogea nyuma kabisa. Kina cha kiti: kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita tatu. Upana: nyonga, ongeza sentimita mbili, moja kila upande. Kimo cha kiti kutoka mahali pa kukanyagia: kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa viatu kama huvaa. Mgongo ufike begani. Asiyeweza kushika kichwa, ufike juu ya kichwa. Meza iwe kwenye usawa wa kiwiko.

Gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano kikorogwe katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, koroga dakika tano mpaka iwe nzito kama uji wa kulikiza. Pika ya siku mbili tu, ikichacha hainati.

Kata vipande vya boksi lenye mawimbi, tabaka saba kwa kila ubao, ili upate unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Mawimbi ya tabaka moja yaende juu, ya tabaka linalofuata yaende kando. Yakielekea upande mmoja yote, kiti hujikunja mtoto anapoegemea. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, panga, lalia kwa mawe au mitungi ya maji usiku kucha, kisha anika juani siku tatu hadi saba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: ubao ukiwa mkavu nje na mbichi ndani hufanya ukungu, hulegea, na mende huufuata. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama mbao umekauka.

Unganisha mbao kwa vijiti vilivyochongwa na vipande vya karatasi vilivyopakwa gundi kwenye kona zote, ndani na nje. Kisha funika kiti kizima kwa karatasi za magazeti zilizochanwa kwa mkono, tabaka mbili, na juu yake karatasi ya kaki. Zisikatwe kwa mkasi: ukingo uliochanwa hulala vizuri, uliokatwa huinuka. Malizia kwa vanishi au rangi ya mafuta, mikono miwili, hasa chini ya miguu. Penye mchwa, na magharibi ni pengi, visigino vya kiti vivishwe vipande vya mpira wa tairi, na mama aambiwe asikiache nje usiku. Sehemu ya kukalia iwekewe plastiki chini ya kitambaa, kwa ajili ya mkojo.

Mshipi upite kwenye kunyanzi la nyonga, usipite tumboni. Mwanzo aketi dakika 20, kisha uangalie ngozi ya makalio na ya mgongo. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta mahali palipo na joto zaidi, peusi zaidi au pagumu kuliko pembeni. Rudi kupima kila baada ya miezi sita kwa sababu mtoto anakua na kiti hakikui.

Viti vya magurudumu vya msaada

Kontena la viti vya hospitali ni zawadi ngumu kukataa, lakini jifunze kuikataa. Kiti cha saizi moja kwa wote, chenye magurudumu membamba mbele, huzama kwenye udongo mweusi wa Kano msimu wa mvua na hukwama kwenye mawe ya Maragoli mwaka mzima. Omba chenye gurudumu la mbele pana au kirefu chenye magurudumu matatu, na la nyuma liwe la saizi ambayo fundi wa baiskeli wa soko la karibu anauza tyubu yake. Hakikisha kwa kwenda kumuuliza.

Shirika la Afya Duniani lina hatua nane za kutoa kiti: rufaa, tathmini, agizo, malipo, kuandaa, kujaribisha, kumfundisha mtumiaji, na ukarabati na ufuatiliaji. Sherehe za kugawa viti huwa na hatua moja. Ukilazimika kufupisha, usiguse kujaribisha. Weka ncha za vidole chini ya mifupa ya makalio mtu akiwa ameketi juu ya mto wake: vikiweza kuchezacheza juu na chini walau milimita tano, mto unafaa, visipocheza lakini vinachomoka, ni onyo, vikibanwa, hatakiwi kukitumia hivyo, hasa asiyehisi miguu. Kidonda cha makalio kwa mtu aliyevunjika uti wa mgongo huua.

Kuwakuza wataalamu

Shirikisho la kimataifa la tiba kazi hutaka mwanafunzi apate saa zisizopungua 1,000 za mazoezi ya kazi. Wanafunzi wengi huzimalizia hospitali kubwa za mjini. Kituo chako cha mashinani kikiomba kupokea wawili kwa wakati mmoja, kikiwa na msimamizi mwenye leseni na mahali pa kulala salama, kitapata mikono na pia waajiriwa wa kesho, maana mtu hukubali kupangiwa kazi mahali anapopajua. Mgeni asimamie pamoja na mwenyeji, asiwe msimamizi peke yake; sahihi inayobaki ni ya mwenyeji.

Wapo watakaoondoka kwenda Uingereza au Australia, na hakuna haja ya kuwasema. Panga tu kwamba kila ujuzi unaoufundisha uwe kwa watu wawili au zaidi katika kaunti, na maelezo yake yabaki kwa maandishi na picha ukutani. Kwa picha za watoto, chukua idhini ya mzazi kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, na umweleze kama itaonekana kwa wafadhili. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na simu tu.

Usimwahidi mgonjwa kwamba SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, italipia vikao kabla hujaona huduma hiyo kwenye orodha ya malipo na mkataba wa kituo chako. Unachoweza kufanya mara moja ni kumsaidia kujiandikisha kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu: tathmini hufanywa hospitalini, na cheti hufungua njia ya kuomba vifaa saidizi. Kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuomba Inua Jamii, mpango wa serikali wa fedha za msaada, shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo mara nyingi ndizo nauli ya kuja kliniki.

Siku ya kukabidhi, mwachie mwenyeji daftari la wagonjwa lenye tarehe ya ziara inayofuata ya kila mmoja, orodha ya mafundi na simu zao, funguo zote za stoo, na barua ya mkuu wa hospitali inayosema nani atalipia bodaboda kuanzia mwezi ujao. Kama barua hiyo haijatiwa sahihi, ahirisha kuondoka.